Watoto Hawahesabiwi

Kwaru, kwaru, kwaru.

Jogoo wa jirani alikuwa hajawika, na Koko Naipanoi alikuwa ameshaketi kwenye kigoda jikoni, akisugua tumbo la kibuyu kwa kijinga cha mzeituni wa porini. Moshi mwembamba ulitoka mdomoni mwa kibuyu ukampita usoni. Akafumba macho, akaendelea kusugua. Maziwa yasiyolala kwenye kibuyu kilichofukizwa, kwake yeye, yalikuwa maji meupe tu.

Siku nyingine sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha mjukuu wake. Kibuyu kikianza kulia, kitanda cha Sinyati nacho kingelia chumba cha pili, kisha lingekuja swali, "Koko, uji upo?" Leo kibuyu kililia mpaka kijinga kikazima, na kitanda kikanyamaza.

"Sinyati."

Akatega sikio.

"Najua uko macho. Mtu aliyelala hapumui kwa adabu namna hiyo."

"Koko, nilishasema. Siendi."

Koko akakung'uta majivu ya kibuyu. Alimimina maziwa ndani ya kibuyu, akakiziba, akaanza kukitikisa taratibu juu ya paja. Siku hiyo ilikuwa ya mahafali ya kidato cha nne, na shule ilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya uzio wake wa minyaa. Tangu jana walikuwa wakijaribu vipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili, mpaka mbuzi wakakataa kula. Binti aliyekuwa amelala upande wa pili wa ukuta alikuwa miongoni mwa wahitimu, na hakutaka kwenda.

Sinyati hakuwa mkaidi. Alipokuwa kidato cha pili alipata mimba, akakaa nyumbani, akajifungua mtoto wa kiume, Solomoni, ambaye kila mtu alimwita Soli. Mwaka uliofuata, kwa vile siku hizi msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, alirudi kidato kile kile cha pili, kwenye darasa la waliokuwa nyuma yake. Asubuhi alivaa sketi ya shule, mchana alikimbia nyumbani kunyonyesha, kisha akakimbia tena kuwahi kipindi. Koko alibaki na Soli mgongoni. Mguu wake wa kushoto uliuma wakati wa masika, lakini hilo alilisema kwa ng'ombe peke yao.

Kilichomtisha Sinyati ni risala.

Kila mahafali mhitimu mmoja husimama mbele ya mgeni rasmi na kusoma. Tulianza tukiwa wangapi, tunamaliza tukiwa wangapi, waliohama ni wangapi, watoro wangapi, walioacha kwa ujauzito wangapi. Baada ya hapo huombwa tanki la maji na viti. Watu wamezoea. Mwaka jana lilihitimu lile darasa ambalo Sinyati alianza nalo. Yeye, akiwa kidato cha tatu, alipangiwa kugawa soda. Msomaji akafika pale, "na wawili kwa sababu ya ujauzito," na mama mmoja wa mstari wa mbele akageuka, akamtazama Sinyati, akamnong'oneza mwenzake. Shingo zikageuka moja baada ya nyingine, kama kuku waliosikia mwewe. Trei haikuanguka. Koko alikuwa amekaa nyuma, na aliona jinsi vidole vya binti vilivyoishika trei ile. Usiku Sinyati hakula.

Mwaka huu lilikuja jambo jingine, na lilikuja kwa nia njema. Mwalimu Sifaeli wa taaluma alitaka risala iseme kwamba shule inajivunia mwanafunzi mmoja aliyerejea masomoni baada ya kujifungua. Alilisema darasani huku akitabasamu, kama mtu anayetoa zawadi. Mmoja. Nani asingemjua huyo mmoja?

Aliyechaguliwa kusoma alikuwa Lucky.

Lucky alikuwa kijana wa Kimachame aliyekulia Daraja Mbili, mjini, kisha akaletwa huku juu kuishi kwa shangazi yake. Alikuwa na sauti kubwa na mdomo usio na mlango. Yeye pia ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa shule. Alipiga ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, na kengele ya mchana ilichelewa miaka yote hiyo mpaka walimu wakailaumu saa ya ofisini, wakabadilisha betri, na bado ikachelewa. Huyo huyo Lucky ndiye aliyewahi kumwita Sinyati "Mama Soli" mbele ya darasa zima. Darasa lilicheka, na Sinyati alirudi nyumbani macho mekundu.

Kwa hiyo Koko alikuwa na sababu ya kumwogopa. Lakini alikuwa ameona jambo jingine. Wanafunzi walizoea kupita uzioni kwake wakati wa mapumziko kunywa mtindi, na wengi waliacha vikombe juu ya jiwe wakakimbia. Lucky alisuuza chake. Kama vya wenzake vilikuwa karibu, alivisuuza navyo, huku anaongea.

Wiki iliyopita alikuja peke yake.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba. Kichwa kiko wapi?"

Akacheka, akainamisha kichwa, Koko akakigusa kwa kiganja. Ndivyo watoto wa huku wanavyowaamkia wazee.

"Koko, sisi Machame tunapeana mkono."

"Machame ni mlima mwingine. Huku ni Meru. Kunywa."

Akanywa. Koko akamwacha afike nusu ya kikombe.

"Nasikia wewe ndiye utakayesoma."

"Mimi mwenyewe. Sauti ya redio."

"Utahesabu?"

"Nihesabu nini?"

"Watu."

"Koko, risala bila takwimu haipiti. Mwalimu Sifaeli anataka waliohama, anataka watoro, anataka..." Akatazama ndani ya kikombe. "Anataka na yule mmoja aliyerudi. Anasema ni jambo la kujivunia."

"Inawezekana ni la kujivunia. Basi amwachie mwenyewe ajivunie, siku akitaka."

Lucky akakishusha kikombe gotini. Koko akavuta kigoda, akaketi, maana mguu ulikuwa umeanza kuuma.

"Baba yangu alikuwa na ng'ombe," akasema. "Hakuwahi kuwahesabu. Ukimwuliza ni wangapi anakukasirikia, kana kwamba umewatakia kufa. Na watoto ni hivyo hivyo. Ukimwuliza mama yangu ana watoto wangapi, anakutajia majina."

"Sasa mmoja akipotea atajuaje?"

"Jioni anasimama kwenye lango la boma. Wanapoingia anawatazama, huyu na huyu na huyu. Yule wa madoa. Yule wa pembe iliyovunjika. Yule aliyemwagiwa uji wa moto akiwa ndama. Asiyepita anamjua kabla lango halijafungwa."

"Na akiingia asiye wake?"

"Anamjua pia. Hamfukuzi. Usiku utamfukuzia wapi? Anampa maji, analala na wenzake."

"Asubuhi je, asipoondoka?"

"Basi ni wa hapa."

Lucky alikaa akizungusha kikombe. Mwishowe akasema, "Koko, wewe ungetufundisha hesabu tungefaulu wote, maana hakuna kuhesabu!" Akacheka kicheko chake kikubwa, akasuuza kikombe, akaondoka akipiga mluzi. Na mtu anayepiga mluzi huwezi kujua amebeba nini. Tangu siku hiyo hakupita tena.

Sasa kulikuwa kumepambazuka. Mlima ulikuwa umejifunika wingu mpaka shingoni, na siagi ilikuwa imeshaanza kugonga ndani ya kibuyu, pota, pota. Koko alisikia mtu anafungua kamba ya lango.

"Koko, takwenya!" ikaja salamu ya Kimaa.

"Iko, mwanangu. Ingia, mbwa amefungwa."

Alikuwa Irine, aliyekaa dawati moja na Sinyati. Mama yake aliuza mitumba Ngaramtoni, na Irine alikuwa na namna ya kuingia nyumbani kwa watu kama anayekuja kufungua duka. Alikuwa amevaa joho la zambarau, na jingine alilibeba mkononi, limekunjwa vizuri kama shuka ya altareni.

"Mwenzangu yuko wapi?"

"Ndani. Anasema haendi."

Irine hakusimama. Alipita moja kwa moja, na Koko akapunguza mwendo wa kibuyu ili asikie.

"Toka humo! Umeme ulikatika usiku, joho lako nimelinyoosha kwa pasi ya mkaa ya bibi yangu. Cheche moja ingenitoa roho."

"Mpe mwingine avae."

"Nimpe nani? Mwalimu Sifaeli? Litampasuka mgongoni."

Kicheko kidogo kikatoka, kikakatika.

"Irine, wakisema mmoja, watu wote watageuka. Hujui vile inavyokuwa. Shingo zile unazisikia mwilini."

Irine akalishusha joho alilolibeba. Koko naye akakisimamisha kibuyu kabisa.

"Sijui Lucky ameandika nini," Irine akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Amekataa kutuonyesha, mjinga yule. Lakini sikiliza. Wakisema mmoja, na mimi nitasimama. Watatuona wawili. Acha wachanganyikiwe."

"Utasimama kweli?"

"Nitasimama na mikono nitapunga."

Kitanda kikalia.

Koko akageuza uso kuelekea ukutani, akajifuta kwa ncha ya kanga. Moshi, alijiambia, ingawa kijinga kilikuwa kimezimika zamani. Kisha akasema kwa sauti, "Uji upo!"

Wakati wa kutoka, Sinyati alisimama mlangoni na joho lake, Soli akimvuta pindo.

"Koko, wewe utakuja. Lakini yeye..." Hakumaliza.

"Nitamwacha kwa jirani," Koko akasema.

Jirani alikuwa ameshakwenda sokoni. Kwa hiyo, wageni walipoanza kujaa uwanjani, Koko aliingia kwa geti dogo la nyuma, kibuyu begani na Soli mkononi, akakaa kiti cha mwisho kabisa karibu na uzio. Alimfunika mtoto kwa nusu ya shuka lake na kumpa kipande cha mkate ili mdomo uwe na kazi.

Mgeni rasmi, Mzee Aristides, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini, alichelewa kama ilivyo desturi ya wageni rasmi. Alipofika kwaya iliimba, skauti wakapiga saluti, na mshereheshaji akatania wazazi wa Njiro, mtaa wa wenye nacho, walioogopa vumbi kwenye magari yao. Wahitimu walikaa mbele kwenye madawati. Kutoka nyuma Koko aliona kofia za zambarau tu. Alimtambua Sinyati kwa jinsi shingo yake ilivyokuwa imekakamaa.

"Na sasa, risala ya wahitimu!"

Lucky akapanda jukwaani. Kofia yake ilikuwa imekaa upande. Mwalimu Sifaeli, aliyekuwa karibu na spika, alifungua nakala yake ili afuatilie, kalamu mkononi. Koko akashika kiti cha mbele yake. Alimwomba Mungu kwa Kimaa, maana mambo ya haraka aliyaomba kwa lugha hiyo.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," Lucky akaanza, "mwaka ule tulipoingia kwa geti lile, tulikuwa wadogo, na sare zilikuwa kubwa. Sketi ya Irine ilifagia uwanja kabla hajapangiwa zamu."

Watu wakacheka. Mwalimu Sifaeli akageuza ukurasa, akaurudisha.

"Leo tunatoka kwa geti lile lile. Tumeombwa tuseme tulikuwa wangapi. Kwa niaba ya darasa zima, nitawataja badala ya kuwahesabu."

Kalamu ya Mwalimu Sifaeli ikainuka.

"Tuliingia na Sumari, aliyekwenda kuchunga ng'ombe wa baba yake Simanjiro. Dawati lake bado lina jina lake, tulikataa lipigwe msasa. Tuliingia na Ndeshi, aliyehamia Dodoma, akatuachia kamusi. Tuliingia na Princess, anayeuza ndizi soko la Kilombero, na ukinunua kwake ukiwa na sare anakuongezea moja. Tuliingia na Anna, ambaye tulimzika kidato cha kwanza. Alikuwa anajua nyimbo zote."

Mama mmoja upande wa kulia akainamisha kichwa. Koko akajua huyo ni mama yake Anna, na kwamba hakuna aliyelitaja jina hilo kwenye kipaza sauti tangu siku ile.

"Wengine walitukuta njiani. Lesian alitoka Longido na ndoo mbili, moja ya nguo, moja ya nyama ya kukausha. Nyama haikumaliza wiki. Jackline alitoka Moshi. Na Sinyati alitoka mbali kuliko wote, alitoka hapo ng'ambo ya uzio."

Kicheko kikubwa kikaibuka, kicheko cha majirani wanaofahamiana. Koko akatazama shingo za watu. Hakuna iliyogeuka. Walikuwa wakimtazama Lucky, na meno nje.

"Mwisho kabla ya maombi ya tanki, mheshimiwa, mpiga kengele anaomba radhi kwa walimu. Saa ya ofisini haikuwa mbovu. Kengele ya mchana ilichelewa kwa sababu kuna wakati mpigaji aliona kundi halijaingia lote. Alisubiri wa mwisho apite getini, ndipo akapiga."

Mwalimu Sifaeli akafungua mdomo. "Betri zangu!" akasema, na kwa kuwa alikuwa karibu na kipaza sauti, uwanja mzima ulimsikia. Akaanza kucheka yeye mwenyewe, akaichomeka kalamu mfukoni, akakunja ile nakala yake.

Koko hakucheka. Alikuwa akiona barabara ile ya vumbi, binti anayekimbia na sketi imeshikwa mkononi, ziwa limelowesha shati, na kijana amesimama chini ya mti ameinua chuma, hapigi. Miaka yote hiyo. Na yeye, Koko, alidhani ni saa.

Pumzi aliyoishusha ilikuwa ndefu mpaka shuka likateleza begani. Soli akajikuta kwenye mwanga. Mkate ulikuwa umekwisha. Aliangalia huku na huku, akaona kofia za zambarau, akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Mama!"

Hapo sasa shingo ziligeuka.

Koko akanyoosha mkono amfunike, lakini alichelewa. Kule mbele kofia moja ilikuwa imesimama. Sinyati alitoka kwenye mstari wake. Alipita katikati ya viti, joho likiburuta vumbi, akitazama mbele tu, na Koko alitaka kumwambia, samahani mwanangu, jirani hakuwepo. Hakuwahi kusema. Binti aliinama, akamnyanyua mtoto, akamweka kiunoni, kisha akageuka kuwatazama watu wote.

"Huyu ni Solomoni," akasema. "Ni wangu."

Hakutumia kipaza sauti, lakini ilitosha.

Mzee Aristides akamwinamia Lucky. "Na huyu ni mhitimu?"

"Mheshimiwa," Lucky akasema, "huyu alisoma kupitia uzio. Jedwali la kuzidisha kwa tano alikuwa analijua kabla yangu."

Irine alikuwa ameshasimama, kama alivyoahidi, na mikono alipunga kweli. Picha ya darasa ilipopigwa, Soli alikuwa katikati, amevaa kofia ya mtu mwingine iliyomfika puani.

Jioni wazazi wa mbali walikuwa wameondoka na mlima umevua wingu lake. Wahitimu walipita uzioni kwa Koko kunywa mtindi wa mahafali. Kila kikombe cha nyumba kilitoka, na bakuli pia. Walikaa juu ya mawe na magogo, wakikumbushana. Yule mwalimu wa jiografia aliyepotea njia kwenye ziara ya Momela. Tope la mwezi wa nne lililokula viatu vya Jackline. Usiku waliosomea mshumaa mmoja hapo jikoni kwa Koko, na nywele za Irine zikaungua mbele.

"Harufu ile bado iko," Lucky akasema.

"Harufu ni mdomo wako," Irine akamjibu.

Mtihani wa taifa ulikuwa bado wiki chache, nao walijua. Baada ya hapo kila mmoja angekwenda upande wake. Lakini jioni hiyo walicheka kama watu waliotua mizigo. Sinyati alikuwa amekaa nao chini, Soli amelala pajani mwake, na shingo yake ilikuwa imelegea, imeegemea bega la Irine.

Jua lilipoanza kuzama, Koko alijikongoja mpaka kwenye lango, akasimama. Hawakujua kwa nini amesimama hapo. Walipita wakiinamisha vichwa, naye akavigusa. Huyu wa ndoo mbili. Huyu wa viatu vya tope. Huyu wa nywele zilizoungua. Hakuhesabu.

Lucky alikuwa wa mwisho. Alikuwa amebaki nyuma akisuuza vikombe, vyote, na mikono yake ilikuwa bado inadondosha maji. Akainamisha kichwa bila kuambiwa.

Koko akakiweka kiganja hapo, akakiacha muda mrefu kuliko kawaida.

"Nitakwenda mjini baada ya mtihani, koko," Lucky akasema akiwa bado ameinama. "Kwa baba. Ni mbali kidogo."

"Daraja Mbili si mbali. Barabara ile ile iliyokuleta inarudi." Akauondoa mkono. "Hata usipokuwa na la kusema, njoo. Nitakuwa nimesimama hapa jioni. Njoo tena nikuone ukiingia."